Saa Ilizozima Kompyuta

4 Februari

Mdogo wangu,

U mzima? Mimi ni mzima wa chuma. Hata baridi ya huku imenishindwa, inanipita mlangoni inakwenda kutafuta wanyonge. Bimkubwa je? Kile kikohozi kimeondoka au bado anakilea kama mjukuu? Mwambie mwanawe anamsalimu kwa mikono miwili, na mkumbushe ahadi yetu. Makaratasi yangu ya kuishi huku yanagongwa muhuri mwezi wa tisa, mwezi wa kumi niko mlangoni na begi. Nikitoka kabla ya muhuri sirudi tena huku, miaka yangu sita inakuwa imeliwa na panya. Kwa hiyo anisubiri. Asiende popote.

Sasa kompyuta. Umeandika kwamba ile niliyowatumia inajizima katikati ya kazi bila hata kuaga, na kwamba juzi imekula kurasa saba ulizokuwa unampigia mwalimu fulani. Pole sana. Lakini hesabu bahati yako, maana katika ukoo wetu mzima yupo mtu mmoja tu anayeijua kompyuta ndani na nje, na mtu huyo ni kaka yako. Kampuni ninayofanya kazi ina ghorofa kumi na nne. Kuna chumba kimejaa mitambo mirefu kama makabati, inanguruma mchana kutwa, na haruhusiwi kuingia kila mtu. Mimi naingia. Nina ufunguo.

Ugonjwa wa mashine yako naujua bila hata kuishika mkono. Ni joto. Ndani kuna feni ndogo, ikijaa vumbi haizunguki vizuri, kompyuta inachemka, na kwa kuogopa kuungua inajizima. Ina akili kuliko shemeji zetu wote. Fanya hivi: zima, chomoa waya ukutani (usipochomoa, barua yako inayofuata utaniandikia kutoka ahera), fungua skrubu za nyuma, toa ubavu mmoja, safisha kwa brashi kavu. Si maji. Narudia, si maji, hata tambara bichi. Kisha isogeze mbali na ukuta, nayo ipumue.

Jambo la mwisho. Barua yako umeipiga kwa mashine hadi katikati, halafu ukamalizia kwa kalamu eti imezima. Usirudie. Barua zako ninazionyesha kazini. Herufi zimesimama kama askari wa gwaride. Nawaambia hawa watu, huyu ni mdogo wangu wa damu, anapiga chapa nyumbani kwetu, kwenye kompyuta yetu. Wananyamaza wenyewe. Kwa hiyo usinivunjie heshima kwa maandishi ya kalamu, mwandiko wako tunaujua, kuku akipita juu ya karatasi anaandika vizuri zaidi.

Kaka yako,
Mtaalamu


19 Februari

Kaka, shikamoo.

Barua yako imefika pamoja na sifa zako. Mtu wa posta amelalamikia uzito.

Sisi hatujambo. Mama hajambo. Kikohozi kipo kipo tu. Nimemsomea barua yote, pale pa kuku amecheka, halafu akasema nikuambie yuko hapahapa, haendi popote.

Nimefungua kompyuta kama ulivyosema. Ndani nimekuta vumbi zito kama sufi, mende wawili waliokufa zamani na kibanio cha nywele ambacho sote wawili tunakikana. Nimesafisha kwa brashi kavu. Yule fundi redio wa mtaa wetu alipita, akachungulia, akasema hapa kwenye feni panataka kupakwa dawa ya meno. Nilimtoa nje na kikombe chake cha chai mkononi.

Siku mbili ilikaa vizuri, nikaanza kukusifu kwa majirani. Siku ya tatu ikazima mara tatu. Feni inazunguka, nimeiona kwa macho yangu, na ubavu wa chombo si wa moto, nimeweka kiganja. Haionyi. Taa ya dari inafumba jicho mara moja, halafu kioo ni cheusi na mimi nimekaa kama mjinga vidole hewani.

Kaka, usidhani nalalamikia pambo. Hii kazi ya kuchapa ndiyo inayoniweka nyumbani. Ikinishinda itabidi nirudi kiwandani kwenye cherehani, kuingia saa moja asubuhi, kutoka saa kumi na mbili jioni. Na Mama nitamwachia nani?

Kitu kimoja cha ajabu. Tangu ulipoikaripia, nikikuandikia wewe haizimi. Barua hii imekwenda moja kwa moja, kama unavyoona, hakuna kalamu. Labda inakuogopa.

Mdogo wako


1 Machi

Mdogo wangu,

Salamu kwanza, halafu kicheko. Inaniogopa, ndiyo. Mashine zote zinaniogopa. Juzi mtambo mmoja hapa ulikuwa unapiga kelele kama jogoo, nikasimama mbele yake tu, nikautazama, ukanyamaza. Waliokuwepo wanashuhudia.

Bimkubwa anaendeleaje hasa? Mara tatu nimepiga kwenye kile kibanda cha simu. Wanakwenda kukuita, unakuja wewe unahema. Nikiomba kuongea na mama yangu mzazi, mara amelala, mara yuko kwa jirani, mara anaoga. Saa nane mchana anaoga. Tangu lini Bimkubwa amekuwa na shughuli nyingi kama waziri? Mwambie siku moja aache uwaziri aje kwenye simu.

Turudi kwa mgonjwa wetu. Kama feni ni nzima na chombo hakichemki, basi tumfuate mwizi kwa nyayo. Nimekaa na msaidizi wangu hapa, kijana mmoja mwembamba, macho yake yako nyuma ya vioo vinene kama chini ya chupa, mimi namwita Miwani. Nimemweleza dalili zako. Ameshauri, na mimi nimeafiki, kwamba uandike orodha. Kila ikizima, andika saa, andika ulikuwa unafanya nini, andika kama taa ilifumba jicho. Wiki nzima, usiruke hata mara moja. Daktari hatibu kwa kusimuliwa, anataka karatasi ya mgonjwa.

Na usilie kuhusu kiwanda. Hurudi kiwandani mimi nikiwa hai. Wewe ni mtu wa mezani, ni mtu wa kiti chenye mgongo. Mimi niliishia darasa la saba ili wewe uvuke, na umevuka, sasa kaa ng'ambo huko huko.

Kaka yako,
Mtaalamu


14 Machi

Kaka, shikamoo.

Natumaini u mzima. Sisi tupo. Mama amekuwa mvivu wa kula, lakini ndio joto la mwezi huu, kila mtu halali vizuri wala hali vizuri. Anakusalimu. Anasema uvae soksi.

Orodha uliyotaka hii hapa.

Jumatatu. Saa tatu na robo asubuhi, napiga barua ya mtu wa mahakamani. Saa nane kasoro dakika tano, nilikuwa nimeinuka kufunga dirisha, sikugusa kitu.

Jumanne. Saa mbili na nusu. Saa nne kamili. Saa tisa na dakika kumi. Mara zote taa imefumba jicho.

Jumatano. Saa moja na nusu, kabla hata sijaketi vizuri. Saa tatu. Saa tano kasorobo. Saa kumi. Hiyo ya saa kumi nilikuwa naandika neno la mwisho la ukurasa wa mwisho, nikaenda uani nikasimama mpaka hasira zikaisha.

Alhamisi. Mara sita. Saa zake nimeziandika nyuma ya karatasi.

Ijumaa. Mara nane. Nazo ziko nyuma.

Jumamosi. Sikuiwasha kabisa. Nilikuwa na kazi nyingine za nyumbani.

Leo Jumapili nimekaa nikuandikie tangu saa nne. Mama ameniuliza, unamwandikia kaka yako? Nikasema ndiyo. Akasema mwandikie vizuri, usimharakishe. Sasa ni saa tano na nusu, na haijazima hata mara moja.

Mwambie huyo Miwani wako atafute dawa haraka. Yule mwalimu anataka kazi yake mwisho wa mwezi.

Mdogo wako


26 Machi

Mdogo wangu,

Leo salamu zangu ni fupi. Nataka kukueleza kilichotokea hapa.

Nilimpelekea Miwani orodha yako wakati wa chai. Nilitaka kumwonyesha jinsi mdogo wangu anavyojua kupanga mambo. Akaiweka mezani, akaitazama muda mrefu, chai yake ikapoa. Halafu akasema, hii si feni, wala si kisanduku cha umeme kilichomo ndani. Ingekuwa joto, ingekaa muda uleule kila mara ndipo izime. Hii inazima ovyo. Na taa ya dari haina feni, mbona nayo inafumba jicho? Akasema katika nyumba hiyo kuna kitu kingine kinaamka, na kikiamka kinavuta umeme wote kwa pupa, kompyuta inabaki mikono mitupu.

Nikamwambia nyumba yetu ina waya mmoja tangu enzi za babu, na vitu vyake navijua kimoja kimoja. Friji tuliuza. Pasi ni ya mkaa. Redio inakula betri. Pampu ya maji hatuna, tuna ndoo.

Akasema kipo. Jumatatu kiliamka mara mbili, Ijumaa mara nane. Kitu hicho kinahitajika zaidi kila siku. Halafu akanirudishia karatasi, akavua miwani yake, akaniuliza taratibu kama nyumbani kuna mgonjwa.

Mdogo wangu, nilimcheka. Nilicheka mpaka watu wakageuka. Nikamwambia kwetu mgonjwa ni kompyuta.

Niandikie upesi uniambie kwamba nilimcheka kwa haki.

Kaka yako


20 Aprili

Mdogo wangu,

Salamu. Huu ni mwezi wa nne unakaribia kwisha na sijapata neno lako. Nimepiga kibandani mara nne. Mwenye kibanda ananiambia umesema uko njiani, nasubiri, hela ya simu inakwisha, hujafika.

Kama nimekuudhi kwa ule mzaha wa kuku, naufuta. Una mwandiko mzuri, nilikuwa natania.

Nimeitazama ile orodha mpaka nimeikariri. Barua zako kwangu haizimi. Kazi za watu inazima. Nimejiuliza kompyuta inajuaje. Nimewaza wee, jibu ninalopata silipendi.

Nani anazima nini, huko nyumbani, ukiwa unaniandikia mimi?

Kaka yako


2 Mei

Kaka, shikamoo.

Nisamehe. Barua hii nimeianza mara tano.

Mama anaumwa tangu mwaka jana. Ni mapafu. Daktari alisema yamekakamaa, hayafunguki, na hayatafunguka. Hospitali walituazima mashine ya hewa, ni kama kabati dogo lenye magurudumu, inakaa chumbani kwake, ina mrija wa puani. Akibanwa anaiwasha, akipata nafuu anaizima. Aliniapisha nisikuambie. Alisema ukijua utapanda chombo cha kwanza na muhuri utapotea, na yeye hataki kuwa sababu. Mimi nikaapa. Nikawa nakudanganya kwenye simu, kwamba anaoga. Hawezi kufika kibandani, Kaka. Hawezi kufika uani.

Barua yako ya Miwani ilipofika niliisoma kimoyomoyo, kisha nikaingia chumbani kwake nikamwambia, Mama, hebu washa mashine yako. Akanitazama. Nikasema washa tu. Akawasha. Taa ya dari ikafumba jicho, na kule mezani kompyuta ikafa.

Akasema, "Ndio umejua leo?"

Yeye alijua tangu mwanzo. Kila akiwasha alikuwa ananisikia mimi huku sebuleni naguna na kupiga meza. Akahesabu mara moja, mara mbili, akajua. Hakusema neno. Akaanza kujizuia. Nikiwa na kazi ya mtu anavumilia mpaka anashindwa, ndipo anawasha, kompyuta inazima, naye huko ndani anasema, samahani, kwa sauti ya chini ambayo sikuwahi kuisikia. Na nikisema namwandikia kaka, anaizima kabisa mpaka nimalize. Kwa sababu ulisema kalamu inakuvunjia heshima. Nilimsomea mimi mwenyewe maneno hayo.

Ile barua ya orodha niliipiga kwa muda wa saa moja na nusu, nikaona fahari kwamba haikuzima. Jioni yake midomo yake ilikuwa ya bluu. Nilidhani ni ugonjwa unazidi.

Barua hii naipiga yeye yuko hospitali kwa siku mbili, wanamwangalia. Hakuna kinachozimwa. Anarudi kesho.

Sijui nikuombe msamaha wa lipi kwanza.

Mdogo wako


13 Mei

Mdogo wangu,

Huna kosa la kuombea msamaha. Weka hilo kifuani na ulifunge.

Mimi ndiye nina la kusema. Mimi si mtaalamu. Mimi napiga deki. Ghorofa ya nne mpaka ya saba, ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia. Ufunguo wa chumba cha mitambo ninao kweli, kwa sababu vumbi la mle lazima lifutwe na mtu. Miwani si msaidizi wangu. Yeye ndiye fundi, mimi huwa nasubiri akiinua miguu nipitishe deki chini ya meza, hapo ndipo ninapomuuliza maswali yako. Ule mtambo uliopiga kelele kama jogoo, yeye ndiye aliyeunyamazisha. Mimi nilikuwa nimesimama na ndoo. Lile neno langu la "si maji" nalijua kwa kuwa mwezi wangu wa kwanza nilipitisha tambara bichi nyuma ya kabati moja na nusura nifukuzwe.

Barua zako nilizionyesha kweli. Hiyo sikudanganya. Nilikuwa nazitoa mfukoni na glovu za mpira mkononi nikisema, huyu ni mdogo wangu, ili wajue kwamba kwetu kuna watu. Sasa nikifikiri kwamba kila herufi ile iliyosimama kama askari, mama yangu alikuwa amebana pumzi ili isimame, sijui niziweke wapi. Nimezifunga kwenye kitambaa.

Kwa hiyo sikiliza amri mbili. Ya kwanza, mwambie Bimkubwa mwanawe amesema awashe hiyo mashine na asiizime. Asiizime kwa mwalimu, asiizime kwa mahakama, asiizime kwa ajili yangu. Kompyuta ife mara mia. Kila ikifa mchana nitajua yeye anapumua. Ya pili, kuanzia leo niandikie kwa kalamu. Ukinitumia barua ya kupigwa kwa mashine, siifungui.

Nimeanza kuulizia safari. Muhuri wabaki nao, waugonge wanapopenda. Ukinitafuta kwa simu ofisini usiulize fundi, watakuambia hayupo. Uliza mpiga deki.

Kaka yako


25 Mei

Kaka, shikamoo.

Hii ni kalamu. Kuku wako huyo hapo, mvumilie.

Nimemsomea Mama barua yako, pale pa deki nilitaka kuruka, nikaona hapana, tumesharuka mengi. Nikasoma. Halafu akasema, "Anapiga deki? Yule? Hapa nyumbani hakuwahi kuokota kijiko alichokiangusha mwenyewe." Akacheka, Kaka. Alicheka mpaka ikabidi nimshike mgongo, mrija ukatoka puani tukaurudisha, akacheka tena. Sijamsikia akicheka hivyo mwaka mzima. Sasa kila nikifagia ananielekeza, hebu piga kama mtaalamu.

Siku ya kwanza alikasirika. Alisema usije, usubiri muhuri, na kwamba mimi ni mtoto asiyejua kutunza kiapo. Siku ya tatu nilikuwa namchana nywele, akaniuliza, "Amesema anakuja tarehe ngapi?" Nikasema hajataja. Akasema mwandikie ataje.

Mashine inawaka muda mwingi sasa. Nikifanya kazi ya mtu, nahifadhi kila baada ya mstari, kama mtu anayevuka barabara. Leo imezima mara nne tangu asubuhi. Zamani nilikuwa naguna. Sasa taa ikifumba jicho nasimama, nakwenda mlangoni kwake nachungulia, namwona na mrija wake, narudi naiwasha upya. Mwalimu amehamishia kazi kwa mtu mwingine. Sikumlaumu.

Taja tarehe.

Mdogo wako


4 Juni

Mdogo wangu,

Tarehe naitaja: ishirini na mbili mwezi huu, asubuhi. Natoka hapa ishirini na moja. Mwambie Bimkubwa nikifika sitaki chai wala kiti, nataka ufagio. Nitampigia deki chumba kizima mbele ya macho yake, kuanzia kona mpaka mlangoni, kwa kurudi nyumanyuma, kwa ufundi wa kimataifa. Atatoa maksi yeye mwenyewe.

Nimemuaga Miwani. Mtu yule ana roho pana kuliko kioo chake. Kazini kuna kisanduku cha betri walikuwa wanakitupa, kizito kama jiwe la kusagia. Amekitengeneza, akaweka betri mpya, akakifunga kwa gundi ya plastiki, akaniandikia karatasi ya maelekezo kana kwamba kweli mimi ni mtaalamu. Kinakaa katikati ya ukuta na kompyuta. Mashine ya Bimkubwa ikiamka na kuvuta umeme, kisanduku kinashika, kompyuta haijui hata kilichotokea. Yeye anapumua, wewe unachapa, hakuna anayemsubiri mwenzake. Amenihakikishia. Nilimuuliza mara tatu, akacheka, akasema mara ya nne uniulize ukishafika nyumbani.

Kimekula nusu ya begi. Nimetoa makoti, nimetoa viatu vya pili. Huko kuna joto, nitatembea na shati moja.

Kwa nini nisiseme ukweli, maana siku hizi nimeanza kuuzoea. Naogopa. Naogopa kumwona. Lakini naja.

Mwambie asiende popote.

Kaka yako, mpiga deki


16 Juni

Kaka, shikamoo.

Barua hii nimeipiga kwa mashine. Ulisema ya namna hii huifungui. Kama umeifungua, basi umeshajua.

Tarehe kumi na mbili asubuhi Mama alibanwa vibaya, mashine ikiwa inawaka. Nilikimbia kibandani nikapiga ofisini kwenu. Nikasema namtaka kaka yangu, anapiga deki ghorofa ya nne mpaka ya saba. Dada wa mapokezi alikuwa mpole. Akasema wafanya usafi ni wa kampuni nyingine, pale hawana majina yao. Nikasema basi nipe Miwani. Akauliza, Miwani ndiye nani? Sikuwa na jina lingine la kumpa. Akasema pole, nikasikia ameweka simu chini.

Jioni ileile barua yako ya kisanduku ilifika. Nilimsomea. Pale pa kurudi nyumanyuma mpaka mlangoni alitabasamu. Akauliza ni siku ngapi mpaka ishirini na mbili. Nikasema kumi. Akaanza kuzihesabu kwa vidole, akachoka kwenye cha sita, akashusha mkono.

Alfajiri akaondoka. Nilikuwa nimemshika. Mashine ilikuwa inawaka, Kaka, naomba ujue hilo. Hakuizima kwa ajili ya mtu yeyote.

Tulimzika kesho yake saa kumi. Kitanda chake nimekiacha kama kilivyo. Chumba sijakifagia, nimekuachia wewe.

Jana watu wa hospitali walikuja kuichukua mashine yao. Walikuwa wawili. Mmoja akauliza kama ilifanya kazi vizuri, nikasema ndiyo.

Leo nimekaa hapa mezani tangu saa tatu. Sasa ni saa sita na nusu. Taa ya dari imetulia. Niliacha kuhifadhi kila mstari, nikaona niache tu, nione. Nimeandika barua yote hii.

Huenda utanikuta kabla barua haijakukuta. Lakini kama bado uko huko, na bado hujafunga begi, kile kisanduku kiache. Ni kizito, nacho hakina kazi hapa. Rudisha makoti yako.

Mdogo wako